Kitufe Kisicho na Jina

Mada iliyowekwa mezani ilikuwa hii: kuzilazimisha tovuti na programu zote za simu zitumike na watu wenye ulemavu ni mzigo ambao nchi zetu haziwezi kuubeba kwa sasa. Wasemaji nimewabuni mimi, ndiyo maana hawana majina, lakini hoja zao sikuzibuni. Ni maneno yanayosemwa maofisini, vijiweni kwa vijana wa kompyuta na kwenye foleni za wakala. Msimamizi ni mimi mwenyewe, na niseme mapema kwamba sikukaa kwenye kiti hicho nikiwa sina upande.

FUNDI WA PROGRAMU: Shikamoo mwalimu, shikamooni wakubwa wote. Naomba nianze mimi, maana nitakayosema najua hayatapendwa. Tuko vijana wanne, ofisi yetu ni chumba kimoja Sinza. Mteja anakuja Jumatatu, anataka programu ya kuuzia dawa za mifugo, anataka kuiona Ijumaa, na nusu ya malipo anakopa. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilipata watu wenye ulemavu asilimia 2.2. Nani atanilipa nikae siku mbili nikihangaikia asilimia mbili? Sisemi wasihudumiwe. Nasema kila jambo na wakati wake. Kuna shule hazina umeme, kuna watu simu yenyewe ni kitochi na bando la wiki ni kujinyima. Tukianza na visoma skrini, programu zinazomsomea kwa sauti asiyeona, tutakuwa tunaezeka nyumba isiyo na kuta.

WAKILI KUTOKA MOMBASA: Marahaba. Bwana fundi, umeichagua sensa ya kwetu kwa sababu tarakimu yake ni ndogo. Vuka mpaka pale Horohoro uingie kwenu: sensa ya Tanzania ya 2022 ilipata asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na kuendelea. Hakuna ulemavu unaosimama mpakani kusubiri kugongewa pasipoti. Tofauti imo kwenye kipimo. Je, umhesabu anayeona kwa shida kidogo, au yule tu mwenye shida kubwa? Shirika la Afya Duniani linakadiria asilimia 16 ya watu wote ulimwenguni. Na hapo hujamtia babangu, ambaye hataki kabisa kuitwa mlemavu, lakini kila ujumbe wa simu ananipa mimi nimsomee.

Vita vya asilimia havina mwisho, nikavikata. Nikamwomba mwalimu, mama wa makamo anayefundisha historia sekondari na haoni kabisa, atuambie kazi zake zinakwama wapi hasa.

MWALIMU: Marahaba mwanangu. Mimi umeme ninao na simu ninayo. Kwenye kompyuta natumia programu ya kisoma skrini iitwayo NVDA, ambayo ni bure. Waliianzisha vijana wawili wa Australia, Michael Curran na James Teh, mwaka 2006, na wote wawili hawaoni. Kabla ya hapo wengi wetu tulikuwa tukisikia habari za nyingine, JAWS, tu, na bei yake ilikuwa mamia ya dola. Mshahara wa mwalimu unaujua. Kwa hiyo msinisikitikie kwa vifaa. Shida yangu inaanza asubuhi, kwenye kundi la WhatsApp la walimu. Linakuja tangazo la nafasi za kusahihisha mitihani, na simu yangu inaniambia neno moja: picha. Basi. Nani anatakiwa, mwisho lini, barua ipelekwe wapi, sijui.

Sasa fikirini tangazo lile lilivyozaliwa. Katibu muhtasi alilichapa kwenye kompyuta, herufi kwa herufi. Katika hali hiyo kisoma skrini changu kingelisoma lote, hadi koma. Wakaliprinti. Bosi akasaini, likagongwa muhuri, likapelekwa kuskaniwa, mtu akalipiga picha, likarushwa kundini. Hatua zote hizo ni za kugeuza maandishi yaliyokuwa yakisomeka kuwa picha isiyosomeka. Unaniambia kunihudumia ni gharama? Wino, karatasi na nauli ya kwenda steshenari vimetumika kunifungia mlango.

AFISA UNUNUZI WA HALMASHAURI: Naomba nimtetee katibu muhtasi. Muhuri una sababu yake. Matangazo ya kazi ya uongo yamejaa, vijana wanatapeliwa hela za usaili kila siku. Mtu akiona maandishi matupu anasema feki. Picha yenye muhuri ndiyo inayoaminika.

MWALIMU: Na mimi sijasema muondoe muhuri. Tumeni picha, chini yake mbandike maneno yaleyale yaliyochapwa. Hata huyo mwenye macho atashukuru, maana picha ya karatasi iliyopigwa kwenye kivuli nayo ina taabu yake.

FUNDI: Mwalimu, hilo limeshapitwa na wakati. Siku hizi akili mnemba inasoma picha. Ipo Be My Eyes, zipo nyingine, unapiga picha inakueleza kila kilichomo. Baada ya miaka miwili haya tunayobishania hayatakuwepo.

MWALIMU: Natumia, na nashukuru. Be My Eyes ilipoanza 2015 ilikuwa ni mtu wa kujitolea anakuazima macho yake kwa njia ya video. Sasa imeongezewa mashine. Lakini mashine ikikosea neno moja kwenye hadithi nitaelewa tu. Ikikosea tarehe ya mwisho ya maombi, au ikachanganya safu za jedwali la matokeo nikaambiwa Asha kapata alama za Athumani, nani atawajibika? Na bando linalotumika ni langu. Mwenye tangazo kaokoa dakika moja, mimi nanunua data kusahihisha uvivu wake.

Hapo mwalimu akamgeukia fundi na kumwomba jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Akamwambia afungue kwenye simu yake ile programu ya dawa za mifugo, awashe TalkBack, kisha simu aigeuze asiione. Fundi akacheka, akawasha. Kwa asiyejua: TalkBack ikiwaka, ukipitisha kidole kwenye kioo simu inataja kilicho chini ya kidole, na kukifungua ni kugonga mara mbili. Kijana akapitisha kidole. Simu ikamtajia kitufe kisicho na jina. Akasogea. Kingine kisicho na jina. Cha tatu kikataja mchanganyiko wa herufi na tarakimu, jina la faili la picha ambalo mwenyewe alilitupia tu siku ya haraka. Akagonga mara mbili mahali alipodhani ndipo kikapu kilipo, akajikuta ametoka nje ya programu yake mwenyewe.

FUNDI: Sawa. Hivi vitufe nimeviwekea alama za picha peke yake, kikapu, kioo cha kukuza, nyumba. Kuviandikia majina ni mstari mmoja kila kitufe. Nikikaa chini ni saa moja, labda mbili kwa programu nzima. Hilo nalikubali. Lakini mwalimu, saa mbili hizo ni kwa programu ndogo kama hii, na kwa mtu anayejua kwamba kuna jambo la kufanya. Mimi chuoni sikufundishwa. Miaka mitatu ya kompyuta, somo hilo halikuwepo.

MWALIMU: Hiyo ndiyo kauli ya kwanza leo iliyonifurahisha. Nikuongezee jingine. Tovuti nyingi za Kiswahili hazisemi kwamba ni za Kiswahili. Mtengenezaji alinakili kiolezo cha Kiingereza, ndani yake kumetangazwa kuwa lugha ni Kiingereza, yeye akabadilisha maneno tu. Kisoma skrini kinaamini tangazo lile. Kinaanza kunisomea habari za Dodoma kwa matamshi ya Kiingereza, vokali zote zimepinda. Sauti ya Kiswahili ninayo kwenye kompyuta, ila imeambiwa isiamke.

FUNDI: Hizo ni herufi mbili. Unafuta en unaandika sw.

WAKILI: Mheshimiwa msimamizi, naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu za kikao.

Limeingia. Niliona meza inaanza kukubaliana kabla ya wakati, na mshonaji alikuwa amenyoosha mkono muda mrefu. Yeye ni kiziwi, ana cherehani mbili na wateja wengi, wengine wanaagiza kwa simu. Alizungumza kwa lugha ya alama, mkalimani akatupa maneno.

MSHONAJI: Mnazungumza kana kwamba ulemavu ni macho tu. WhatsApp hiyohiyo, mwalimu, inayokutesa wewe kwa picha, inanitesa mimi kwa sauti. Mteja ananitumia sauti ya dakika tatu kueleza gauni analotaka. Mimi naona mawimbi tu. Nikimwandikia «tafadhali andika», ananitumia sauti nyingine kuuliza kwa nini. Sasa nyie wasioona mnapenda sauti, na kila mtu anafikiri akituma sauti kasaidia walemavu. Amemsaidia mmoja, amemtoa mwingine.

Jambo la pili. Laini yangu ya simu ilifungiwa. Ujumbe ukasema piga huduma kwa wateja. Nipige nisikie nini? Nikamwomba jirani apige, akaulizwa maswali ya usalama: jina la tatu, mwaka wa kuzaliwa, miamala ya mwisho. Alipojibu sauti ikamwambia mwenye laini azungumze mwenyewe. Jirani akasema mwenye laini ni kiziwi. Wakakata. Nilipanda daladala mbili kwenda dukani kwao na kushinda kwenye foleni kwa kitu ambacho mwenzangu anakimaliza kitandani. Wangeweka tu njia ya kuandikiana na mhudumu, ujumbe wa kawaida, ningemaliza.

Na la tatu, msidhani maandishi yananitosha. Kiswahili ni lugha yangu ya pili. Ya kwanza ni hii ya mikono. Simu ya video ndiyo iliyotufungulia dunia sisi viziwi, tunaongea kwa lugha yetu mtu akiwa Mwanza mwingine Mtwara. Lakini video inakula bando kuliko chochote. Anayepiga porojo kwa sauti analipa kidogo, mimi kwa mazungumzo yaleyale nalipa zaidi.

FUNDI: Hapo sasa ndipo ninapowashika. Mwalimu anataka maandishi, kaka yangu hapa anataka video ya alama, na mtu mwenye ualbino kazini kwetu analalamika kwamba maandishi ya kijivu kwenye skrini nyeupe hayaoni, anataka meusi makubwa. Mwenye mikono isiyoshika atataka aamrishe kwa mdomo. Nitawaridhisha wangapi?

WAKILI: Umejijibu bila kujua. Maneno yaliyochapwa, yakabaki maneno, ndiyo malighafi ya karibu vyote hivyo. Mashine inayageuza sauti kwa mwalimu. Inayapeleka kwenye kifaa cha nukta nundu kwa mtu asiyeona wala kusikia. Huyo mwenzako mwenye ualbino anayakuza anavyotaka. Mwenye mikono dhaifu anaamrisha kwa mdomo, na kuamrisha kwa Kiswahili kunawezekana. Google iliweka uandikaji kwa sauti wa Kiswahili tangu 2017. Anayebaki na haki ya kudai zaidi ni bwana mshonaji, kwa kuwa lugha yake haiandikwi, na hapo sitasema uongo: video zenye mkalimani zina gharama ya kweli. Hiyo ndiyo gharama serikali na makampuni makubwa wanayopaswa kuibeba, wala si vijana wanne wa Sinza.

Nikauliza: basi tuishie kwenye hisani na elimu, au sheria ishike fimbo? Hapa ndipo mjadala ulipopata moto.

WAKILI: Hisani tumeijaribu. Kila mwaka unaona picha za makabidhiano: kompyuta kumi, utepe, hotuba, keki. Wanaokabidhi ni haohao ambao tovuti yao haifunguki kwa kisoma skrini. Sheria zipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa 2006; Kenya iliuridhia 2008, Tanzania 2009. Ibara ya 9 inataja teknolojia ya habari na mawasiliano waziwazi. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya alama, nukta nundu au njia nyingine imfaayo. Mwaka 2022 Kenya ikatoa na kiwango, KS 2952, cha kufanya bidhaa na huduma za teknolojia zitumike na watu wenye ulemavu.

Na kuhusu gharama, sikilizeni kesi ya Sydney. Mwaka 1999 Bruce Maguire, Mwaustralia asiyeona, alilalamika kwamba tovuti ya Michezo ya Olimpiki ya 2000 haisomeki kwake: picha hazina maelezo, jedwali la matokeo halieleweki kwa kisoma skrini. Waandaaji wakadai kuitengeneza kungegharimu zaidi ya dola milioni 2 za Australia. Wataalamu waliotoa ushahidi wakasema ni kazi ya wiki chache kwa timu ndogo. Tume ya haki za binadamu ikampa Maguire ushindi Agosti 2000. Waandaaji hawakutekeleza yote waliyoamriwa, wakalipishwa fidia ya dola 20,000. Ukisikia mtu anataja mamilioni, muulize kwanza ameorodhesha nini.

FUNDI: Kesi nzuri. Lakini Olimpiki ina wadhamini, mimi nina madeni. Ukinipiga faini mimi, siku ya pili nafunga. Na hao mnaowasifu, tovuti zao zikoje? Mwaka 2024 shirika la WebAIM la Marekani lilikagua kurasa za mbele za tovuti milioni moja, asilimia 95.9 zikakutwa na kasoro, na kasoro iliyoongoza ni hiyohiyo ya maandishi yaliyopauka. Miongozo ya kutengeneza tovuti zinazotumika na watu wenye ulemavu wanayo tangu 1999. Fimbo wanayo. Ikawaje?

Nikiri kwamba wakili hakuwa na jibu la haraka, na mimi pia sikuwa nalo. Aliyetuokoa ni afisa ununuzi, mtu ambaye sikumtegemea.

AFISA: Mimi kazi yangu ni makaratasi, kwa hiyo nitasema ya makaratasi. Tukitaka tovuti au mfumo wa malipo tunatangaza zabuni. Tunaandika kila kitu: idadi ya watumiaji, usalama, rangi za nembo, hata ukubwa wa kompyuta ya kuuhifadhi. Kifungu cha kisoma skrini sijawahi kukiandika, na sijawahi kuambiwa nikiandike. Mzabuni hafanyi kisichoandikwa, na hana kosa. Kingekuwemo kifungu kimoja, kwamba mfumo ujaribiwe na mtu asiyeona na mtu kiziwi kabla ya malipo ya mwisho, kijana huyu angejifunza wiki hiyohiyo. Hakuna anayekataa kujifunza pale ambapo hundi inamsubiri.

WAKILI: Ndivyo Marekani walivyofanya kwa upande wa serikali. Kifungu cha 508 cha sheria yao, kilivyorekebishwa 1998, kinaitaka serikali kuu inunue teknolojia inayotumika na watu wenye ulemavu. Mnunuzi mkubwa akidai, muuzaji hutengeneza.

FUNDI: Hilo nalikubali bila masharti. Ukiniandikia kwenye mkataba, naliweka kwenye bei na nalifanya. Ninachokataa ni kudaiwa fadhila.

MWALIMU: Na mimi fadhila siitaki, mwanangu. Lakini kuna mahali ambapo siwezi kusubiri zabuni, nako ni kwenye hela zangu. Kabla sijapata simu janja nilikuwa na kitochi. Nabonyeza nyota, tarakimu, nyota, tarakimu, reli. Menyu inakuja, siioni, lakini nimeihifadhi kichwani: moja ni kutuma, nne ni kulipia, na kadhalika. Siku moja mtandao mmoja ukabadilisha mpangilio bila kututangazia, nikatuma hela ya ada kusikokuwa kwake. Wengine hawawezi hata hilo, wanampa wakala simu na kumtajia namba ya siri, nyuma yao watu sita wanasikiliza. Ukisema mimi si muhimu kwa sababu ni asilimia mbili, ujue hizo mbili zinatangaza namba zao za siri barabarani. Hata kwenye simu janja, TalkBack inaanza kunisomea menyu ndefu, haijafika mwisho muda umekwisha, menyu imejifunga. Kuongeza muda huo ni suala la uamuzi tu.

Mshonaji akaongeza kwa mkato: na ujumbe wa kuthibitisha usije kwa kupigiwa simu.

Uamuzi wa msimamizi, kwa kuwa kiti kinanipa ruhusa. Mada imeanguka, isipokuwa pale iliposimama miguu ya fundi: si haki kumtwisha kijana wa chumba kimoja mzigo ambao aliyemfundisha hakumfundisha na anayemlipa hakuutaja. Sheria na ianze na wenye nguvu, yaani ofisi za umma, mabenki na pesa za simu, na ianzie kwenye karatasi ya zabuni, kwa kifungu cha majaribio alichokitaja afisa. Vyuo vya kompyuta viweke somo hilo kwenye mtaala; halihitaji jengo. Lugha ya alama kwenye huduma kwa wateja ilipiwe na makampuni yanayokusanya ada kwa kila muamala, maana viziwi nao wanakatwa ada hiyohiyo.

Nawe msomaji ambaye si waziri wala fundi, una kundi la WhatsApp la ukoo, la msiba, la kikoba au la kazini. Tangazo linalofuata utakalorusha kwa picha, chini yake andika maneno yake, na ukiwa na kiziwi kundini usijibu kwa sauti.